Nguo Haikukatazwa

Uvumi wenyewe ulikuwa hivi: kwamba mahali fulani Banjul, katika chumba kisicho na dirisha, wameketi watu sita mbele ya televisheni, na kazi yao ni moja tu, kuzitazama picha zitakazotoka Dakar na kuandika majina ya kila wanayemtambua. Huyo aliyetambuliwa yuko Dakar, hawamwezi. Lakini ana mama, ana baba, ana shemeji, na hao wako huku.

Sirra Faye aliusikia bombani Serekunda, Jumatano asubuhi, ndoo yake ikiwa ya tatu kwenye foleni. Aliyeusema ni muuza mkate, naye aliupata kwa dereva, na dereva hakusema aliupata kwa nani. Sirra aliondoka ndoo yake ikiwa nusu. Njiani alikutana na watu wamejitwika magodoro, wanaelekea kivukoni, na kila godoro aliloliona lilimwambia kwamba uvumi ule ni wa kweli.

Mumewe, Modou Joof, alikuwa barazani kati ya redio zake zilizofunguliwa matumbo, mguu wake mbovu ameunyoosha juu ya kigoda. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Lisemwalo lipo, Baba Awa," alisema Sirra.

"Lipo wapi? Mimi natengeneza redio mwaka wa thelathini huu. Kelele nyingi zilizomo humu si maneno, ni nyaya zimegusana."

"Kesho wanamwapisha rais mpya kule Dakar, kwenye ubalozi wetu. Haddy yuko Dakar."

"Haddy yuko shule."

"Atakwenda kutazama."

"Akienda je? Rais anaapishwa nchi ya watu, mwanafunzi wa kwetu yuko hatua mbili kutoka pale, asiende?"

"Na Buba?"

Hapo Modou aliiweka bisibisi chini. Buba Jarju alikuwa mume wa Awa, binti yao mkubwa, na alikuwa askari. Tangu Jumatatu yeye na wenzake walikuwa wamefungiwa kambini, hakuna kutoka, hakuna kuingia. Aliyeshindwa uchaguzi bado alikuwa Ikulu na hakutaka kutoka, na kila askari alikuwa akitazamwa na mwenzake.

Sirra aliingia ndani, akafunga mlango, akampigia simu Haddy, binti yao mdogo.

"Kesho usitie mguu ubalozini."

"Mama, wasichana wote wa kwetu wanakwenda. Hata wavulana wa udaktari wanafunga vitabu. Mimi nikae na nani?"

"Kaa na vitabu. Shemeji yako yuko kambini. Haddy, nakuapiza kwa maziwa niliyokunyonyesha, usiende."

Sauti ya Haddy ilishuka.

"Sawa, Mama. Nimesikia."

"Tena usinipigie mpaka nikupigie mimi. Simu zinasikilizwa."

"Nani anasikiliza? Atasikia nini, wewe kuniuliza kama nimekula?"

"Nimesema usipige."

"Sawa, Mama."

Sirra aliiweka simu chini ya mto. Alijiona kama mtu aliyefunga milango miwili kabla ya mvua.

Alhamisi alasiri walikaa watatu mbele ya televisheni, pazia limeshushwa na sauti imefungwa: Sirra, Modou, na Awa aliyekuja na mtoto wake wa miezi mitatu. Mtoto huyo alipewa jina la bibi yake, Sirra, na kwa hiyo nyumbani kulikuwa na Sirra mkubwa na Sirra mdogo. Kwenye kioo kilionekana chumba kidogo kuliko sebule za watu wengi, watu wamebanana hadi ukutani, bendera, na mtu wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe. Aliinua msahafu. Midomo yake ikaenda.

Modou alisimama kwa mguu wake mbovu, akashika ukuta, akabaki amesimama mpaka midomo ile ilipotulia. Awa alikuwa analia bila sauti huku mtoto ananyonya. Sirra yeye alikuwa anahesabu: dakika ngapi zimebaki mambo yaishe salama.

Kisha picha ikahamia nje, barabarani. Watu tele, vijana wamepanda ukuta, bendera zinapepea. Na katikati ya bendera mbili, msichana amegeuza mgongo, mkono juu, uso umefichwa na kitambaa cha bendera. Nguo yake ilikuwa ya buluu, imejaa pete ndogo nyeupe, saba saba, na katikati ya kila kundi doa moja la hudhurungi, rangi ya mbegu ya kola.

Ilikuwa kama kufumba na kufumbua. Picha ikaondoka.

"Mama," alisema Awa.

"Nimeona."

"Mama, ile ni yetu."

Ilikuwa yao. Sirra ni mtia rangi vitambaa, na vitambaa vile alivitia kwa mkono wake kwa ajili ya siku ya kumpa mtoto jina, viwe sare ya wanawake wote wa pande mbili, kwao na kwa kina Buba. Alikata thelathini na moja. Kila pete aliifunga kwa uzi juu ya punje ya njugu, maana punje ya njugu haitelezi na hutoa jicho la duara kamili. Kisha akachovya, akakausha, akafungua, akaanza tena. Kazi ya wiki tano. Serekunda nzima hakuna mwingine aliyefunga kwa njugu, na siku ile ya jina wanawake walipoingia wote pamoja, watu wa barabarani walisimama. "Kazi ya Sirra hiyo," walisema. "Hata gizani utaijua."

Jioni picha ya msichana yule ilikuwa kwenye simu ya Awa, imetumwa na watu wanne tofauti, wote hawamjui. Waliisifia tu bendera.

"Maziwa yangu amenitemea," alisema Sirra.

"Hujauona uso," alisema Modou.

"Uso wa nini? Mtu hujui kazi ya mkono wako?"

Usiku ule hakulala. Aliifuata ile nguo kama mtu anavyofuata uzi. Watu sita wataiona. Mmoja atasema, sare hii naifahamu. Sare ya nani? Ya mtoto wa askari Jarju. Mama yake anayo, dada zake wanayo, mkewe anayo. Na askari Jarju yuko wapi? Yuko hapa hapa kambini. Kulipokucha alikuwa amekwisha kuamua. Atavikusanya vitambaa vyote, avichovye vyote rangi nyeusi. Ikija kuulizwa, hakuna sare, haikuwahi kuwako.

"Mama Awa," alisema Modou akimwona anajifunga ushungi, "hofu ikikutuma, mwambie huna nauli."

Alikwisha toka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mkwe wake, Kaddy Badjie, mama yake Buba. Kaddy ni Mjola na Sirra ni Mserer, nao ni watani wa tangu babu na babu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, na hakuna siku waliyokutana wakaanza na salamu.

"Nani anabisha hodi kama mwenye nyumba?" Kaddy aliita kutoka ndani. "Kumbe mtumwa wangu. Vyombo viko nyuma, anza na sufuria ile iliyoungua."

Siku nyingine Sirra angejibu kwamba amekuja kuchukua kodi ya shamba lake la mpunga. Leo aliketi kwenye mkeka.

"Kaddy, leo sina utani."

"Mserer hana utani? Basi nchi imeharibika kweli." Kisha akamtazama vizuri, akaketi naye. "Sema."

Sirra alisema yote. Kaddy hakumkatiza. Alipomaliza, Kaddy aliingia chumbani akarudi na gauni lake, limepigwa pasi, akaliweka mapajani mwa Sirra na mkono wake akauacha juu yake.

"Lichovye. Lakini nisikilize. Huko uendako, sababu usiitaje. Sema rangi yako ilikuwa mbovu. Sema inachuja, unataka uirudie bure."

"Rangi yangu haichuji."

"Najua haichuji. Sema inachuja."

"Kaddy, mwaka wa ishirini na mbili huu niko kwenye kazi hii. Hakuna mwanamke aliyewahi kunirudishia kitambaa. Nikatangaze mwenyewe, mlango kwa mlango?"

"Mwanangu yuko kambini, Sirra," alisema Kaddy. Hakumwita mtumwa. "Inachuja."

Kwa hiyo Sirra alikwenda akasema inachuja. Alisema hivyo katika nyumba ya pili na ya tatu. Katika nyumba ya nne mwanamke alimpa pole akasema hata yeye aliona maji ya kufulia yamegeuka buluu kidogo, jambo ambalo halikuwa kweli, na Sirra ikambidi ashukuru. Katika nyumba ya sita aliulizwa kama mshono wa gauni nao ataurudia bure. Katika nyumba ya saba msichana mmoja alisema, "Shangazi, kumbe hata wewe," akacheka, wala hakuwa na ubaya. Kila alipotoka mlangoni Sirra alihisi kama amevuliwa ushungi hadharani. Kufika nyumba ya kumi na moja, mzigo kichwani ulikuwa mzito, na moyo ulikuwa mzito zaidi.

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa ya Jalika, mke wa sajini. Jalika alikuwa rafiki wa Awa, na waume zao walikuwa kambi moja. Alikuwa uani na wageni watatu, birika dogo juu ya makaa, chai imefika mchemsho wa pili. Nguo yake ya sare ilikuwa kwenye kamba, imeanikwa, pete zake nyeupe kama meno.

"Inachuja?" alisema Jalika. "Mbona changu nimekifua mara sita? Kiangalie."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Nilikosea kipimo cha magadi. Nipe tu nikakirudie."

"Kwa hiyo siku ile yote, 'kazi ya Sirra, kazi ya Sirra,' tulivaa rangi ya maji?"

Wageni walicheka. Mmoja, mwanamke ambaye Sirra hakumjua hata jina, alisema kwa upole wa kuumiza, "Uzee, mama. Macho yakichoka, hata kipimo hukimbia. Ndiyo maana mimi siku hizi nanunua za kiwandani."

Neno hilo liliingia pale ambapo maneno kumi ya kabla yake yalikwisha kuchimba. Sirra aliutua mzigo chini.

"Rangi yangu haichuji," alisema. "Nisikilizeni nyote. Rangi yangu haichuji hata nikizikwa nayo. Ninavikusanya kwa sababu binti yangu ameonekana Dakar na nguo hii, kwenye kuapishwa, na sitaki mtu aje ashike kitambaa aseme hii ni ya nyumba fulani. Mmeelewa? Si magadi. Si macho."

Hakuna aliyecheka tena. Jalika aliliondoa birika kwenye makaa, polepole, akaliweka chini.

"Kumbe," alisema.

"Basi nipe, mwanangu."

"Changu kiko kwa fundi."

Wote walikuwa wanakitazama pale kwenye kamba. Sirra alijitwika mzigo wake.

Lakini alipokuwa njiani alijikuta anatembea kwa wepesi. Na tangu nyumba ya kumi na tatu hakusema tena kwamba inachuja. Alisema ukweli, maana ukweli haukumvunjia heshima, tena ulifungua masanduku upesi kuliko uongo. Akinamama walishika vinywa, wakatoa nguo mbiombio, wakamsukumia mlangoni. Kufikia alasiri alikuwa na vitambaa ishirini na sita.

Alichochea moto chini ya pipa, akatia rangi nyeusi mara mbili ya kipimo, akavizamisha. Modou alimtazama kutoka barazani. Pete zilizama moja moja, nyeupe ikawa kijivu, kijivu ikawa giza. Jioni kamba zote za uani zilikuwa nyeusi kama nyumba yenye msiba. Sirra alikishika kimoja akakiinua kwenye jua la mwisho, na humo ndani, chini ya weusi, pete saba bado zilionekana, na doa lao la kola katikati.

Jumamosi asubuhi Awa aliingia mbio, mtoto mgongoni, kichwa wazi.

"Wamemchukua Buba. Alfajiri, kwenye mstari. Mwenzake amenipigia. Wamemtia kwenye kontena."

"Nilisema," alisema Sirra. Akaketi chini pale pale penye majivu. "Nilisema mimi, mkasema nyaya zimegusana."

Modou alishuka barazani akaja kumpokea mtoto.

Kabla ya adhuhuri Kaddy alifika. Hakubisha hodi kwa kelele. Aliketi karibu na Sirra, wakashikana mikono, na siku ikaanza kupita juu yao. Hakuna aliyepika. Jirani mmoja alileta wali na mchuzi wa njugu, ukapoa na kuganda kwenye bakuli. Redio zote za Modou zilinyamaza isipokuwa moja, nayo ilisema leo yule aliyeshindwa anaondoka, kisha haondoki, kisha anaondoka. Awa aliuliza mara kwa mara, "Akiondoka, watawafungulia?" Kila mara Modou alijibu, "Watawafungulia," na kila mara sauti yake ilikuwa chini kidogo.

"Jua la kontena," alisema Kaddy, si kwa mtu yeyote. "Na hakunywa hata chai."

Jioni redio ilisema ndege imeruka. Kwanza kulikuwa na kimya, kama mtaa mzima unavuta pumzi. Kisha ikaja honi moja, honi kumi, sufuria zikagongwa, watoto wakatoka barabarani wanakimbia huku na huku bila kujua wanakimbilia nini. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Katika ua wa Sirra hakuna aliyeinuka. Nguo nyeusi zilipepea kwenye kamba.

Simu ililia chini ya mto. Ilikuwa Haddy.

"Mama, najua ulinikataza, lakini leo hakuna wa kusikiliza. Ameondoka. Huku wanacheza barabarani. Mama?"

"Tulikuona, Haddy."

"Mliniona wapi?"

"Kwenye kuapishwa. Kwenye televisheni. Nimekuapiza kwa maziwa yangu na ukaenda."

"Mimi sikwenda, Mama."

"Usinidanganye. Nguo nimeifunga mwenyewe."

"Sikwenda. Nilibaki bwenini. Tulikuwa wasichana wanane chumba kimoja, tumeegemeza simu kwenye kopo la maziwa, tunagombea kuona. Mimi peke yangu ndiye wa kwetu, wenzangu wa nyumbani wote walikwenda ubalozini. Msichana wa Benin ananiuliza, 'Huyu rais gani anaapishwa kwa majirani kama mtu aliyekuja kuomba chumvi?' Nikacheka. Kisha akaanza kusoma kiapo, nikashindwa kucheka. Nikainua mkono wangu, Mama, mimi na yeye, na wale wengine saba wakanyamaza wote, wageni watupu, wakanyamaza kwa ajili yangu." Alivuta pumzi. "Nguo alivaa Ndeye. Yule Msenegali ninayelala naye chumba kimoja. Alisema anakwenda kutazama. Nikamwambia mimi nimekatazwa, akasema, 'Wewe umekatazwa, nguo haikukatazwa.' Nikampa. Nilitaka kitu cha nyumbani kiwe pale."

Sirra aliishika simu kwa mikono miwili.

"Kwa nini hukunipigia ukaniambia?"

"Ulinikataza, Mama."

Buba aliletwa Jumapili, jua limekwisha panda, na askari wenzake wawili ambao hawakutaka kuingia ndani. Alitembea mwenyewe. Alinywa maji vikombe vinne. Awa alipomsemesha kutoka upande wa kulia hakugeuka, na aliposema tena kwa sauti kubwa, bado hakugeuka, na hapo wakaona damu iliyokauka kwenye sikio.

"Limeziba tu," alisema. Halikuwa limeziba. Mpaka leo sikio hilo halisikii hata adhana.

Kaddy alimwosha uso kwa kitambaa kama alivyomwosha utotoni. Sirra alikuwa amepiga magoti pembeni.

"Mwanangu, nisamehe. Ni ile picha ya Dakar. Na kumbe hata hakuwa Haddy."

Buba alimgeuzia sikio la kushoto. "Picha gani, Mama?"

"Picha ya kuapishwa. Wale watu sita wanaotazama televisheni."

"Watu sita gani? Wiki hii kambini hata mpishi hakuwapo, kila mwenye ndugu kijijini alitoroka. Tulikuwa tunakula mkate mkavu. Nani akae kutazama televisheni?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu kusaidia. "Hakuna aliyenitajia picha. Sajini aliniuliza swali moja tu, akalirudia mpaka akachoka. Mama mkwe wako anakusanya nguo za nini. Nani kamtuma. Anaficha nini. Nikamwambia sijui, na kweli sikujua."

Kitambaa cha Kaddy kilisimama shavuni mwa Buba.

"Sajini alijuaje?" aliuliza Awa, ingawa wote walikwisha jua.

"Mkewe alimpigia Ijumaa, sajini mwenyewe aliniambia. Mke aliogopa. Alimwambia, fanya upesi uwe wewe wa kwanza kusema, kabla hawajakuuliza kwa nini na mimi ninayo." Buba alikiinua tena mdomoni kikombe kilichokwisha kuwa kitupu. "Na sajini naye alikuwa anatetemeka, Mama. Kila akinipiga anatazama mlango."

Kaddy aliukamua uchafu kwenye kitambaa, akakikunja. Alimtazama Sirra kwa muda mrefu, na Sirra alingojea. Angepokea tusi lolote. Angepokea kofi.

"Uliwaambia inachuja?" aliuliza Kaddy.

"Niliwaambia. Mpaka nyumba ya kumi na moja."

"Na ya kumi na mbili?"

Sirra alitazama mikono yake. Ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

Kaddy aliinuka, akamsaidia mwanawe kusimama, akamwambia Awa achukue vitu vya mtoto. Mlangoni aligeuka, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anavyowaaga watu wa heshima asiowazoea.

"Tunashukuru kwa kutupokea, Mama Awa," alisema. "Mungu akulinde wewe na nyumba yako."

Mwezi uliofuata kiapo kilirudiwa nyumbani, uwanjani, mbele ya watu wasiohesabika, na safari hii Sirra alikwenda. Haddy alikuja likizo akaenda naye. Waliketi juani. Safu mbili mbele yao alikuwa Jalika, amevaa sare ya buluu, pete nyeupe saba saba, na ilikuwa haijachuja hata kidogo. Wale ishirini na sita hakuna aliyekuja kudai nguo yake. Zimekunjwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na Modou aliwahi kusema zitafaa kwa msiba, kisha akajutia kusema.

Kaddy naye alikuwa pale. Alipopita, Sirra alisimama.

"Mtumwa wangu," alisema Sirra, akijaribu sauti ya zamani, "umepata wapi ruhusa ya kutoka shambani?"

"Hujambo, Mama Awa," alisema Kaddy. "Habari za nyumbani? Wote wazima?"

"Wazima, Kaddy."

"Alhamdulillahi." Akapita, akatafuta mahali pengine pa kukaa.

Haddy alimshika mama yake mkono. Wakatazama mtu aliye mbali sana akiinua msahafu.

Hivi sasa wako wasichana wanne wanaokuja kwa Sirra kujifunza kufunga njugu. Wanapokaa chini na uzi, kabla hajawaonyesha fundo la kwanza, huwaambia haya, na hawaelezi zaidi:

Usibebe neno la bombani pamoja na ndoo.

Usimtambue mtu kwa nguo kabla hujauona uso.

Ukipewa neno la kusema, usiongeze lako.

Usitetee kazi yako mbele ya watu wanaokunywa chai.

Usirudi kudai ulichokwisha kutoa kwa vigelegele.

Usitie nyeusi juu ya buluu. Haifichi.

Usimkataze mtoto aliye mbali kupiga simu.